Weupe wa Mikeka ya Bi Shufaa

Pale Dunda, mtu akitaka mkeka wa harusi haulizi mara mbili. Anaambiwa aende kwa Bi Shufaa binti Mwinyijuma, nyumba yenye baraza ya saruji nyekundu, na akifika atamkuta amekunja mguu mmoja na kunyoosha mwingine, ukili, ule utepe wa mkeka, ameubana kwa kidole gumba cha mguu, mikono inasuka na macho yanakagua wapita njia. Hiyo ndiyo kazi yake tangu alipokuwa mwali. Ila kilichompa jina si ususi, maana wasusi Bagamoyo wapo tele. Kilichompa jina ni weupe. Mikeka ya wenzake ilikuwa na rangi ya ukindu uliokauka, rangi ya uji wa mtama. Ya kwake ilikuwa myeupe kama pamba iliyotoka kuchambuliwa, na zile rangi za zambarau na kijani alizochanganya zilikaa juu yake kama maua juu ya shuka jipya.

Wanawake walimuuliza siri. Alikuwa akicheka kidogo, kicheko cha mtu anayejua kuwa anaonewa wivu, kisha anasema, "Umande wa alfajiri, jua la asubuhi na mkono usio mvivu." Mwenye kuamini aliamini. Asiyeamini alikwenda kulaza ukindu wake nje siku tatu, ukaliwa na mbuzi.

Kweli yenyewe ilitoka Miono. Marehemu mume wake, Rehani, alikuwa na mikorosho huko, na mwaka mmoja ambao maua yaliota ukungu mweupe aliletewa mifuko ya salfa, ile poda ya manjano ya kupulizia mikorosho. Mfuko mmoja ulipasukia jikoni, poda ikamwagika juu ya makaa, ikawaka kwa moto wa bluu usioonekana vizuri mchana. Bi Shufaa alikimbia nje akikohoa machozi yakimtoka. Aliporudi akakuta ukindu mbichi aliouning'iniza darini umegeuka mweupe pe. Mwingine angeshukuru Mungu nyumba haikuungua, akafagia, yakaisha. Yeye alikaa akautazama ule ukindu mpaka adhana ya alasiri.

Tangu hapo, miaka zaidi ya arobaini, alikuwa na pipa. Alipohamia mjini baada ya Rehani kufariki, pipa lilikaa nyuma ya choo, karibu na ukuta. Siku mbili kwa juma, Jumatatu na Ijumaa, baada ya sala ya alfajiri, alining'iniza ukindu uliolowa ndani yake, akaweka kigae cha makaa chini, akanyunyiza salfa ya kujaa kiganja, akafunika kwa bati na magunia yaliyolowa. Saa nne hivi alifunua. Alikuwa akivuta gunia kwa mti mrefu, kanga imeziba pua, halafu anasogea mbali na kuuacha upepo ufanye kazi yake. Mvuke mwembamba ulipanda, ukaruka ukuta, ukaisha machoni. Ndugu zake wa Miono walimletea kiroba cha salfa kila msimu wa mikorosho na wala hawakuuliza ya nini. Hata wanawe hawakujua. Na akilini mwake ule haukuwa moshi. Moshi anaujua yeye: ni mweusi, unapaka masizi, unaingia kabatini.

Moshi wa namna hiyo ulikuja na Mwajabu.

Mwajabu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyeachika, mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Alipanga kiwanja kidogo ng'ambo ya kichochoro, akajenga jiko la udongo la makarai mawili, akaanza kukaanga samaki: vibua, changu, dagaa, chochote boti zilicholeta. Alichoma mabanzi ya mbao na kuni za mwambao, nyingine mbichi, na asubuhi za upepo wa baharini moshi wote ulikwenda kwa Bi Shufaa.

"Mwajabu! Moshi wako umefika mpaka kwenye kabati langu la nguo!"

"Shikamoo Bi mkubwa."

"Marahaba. Nasema moshi!"

"Moshi haujui kubisha hodi, Bi mkubwa. Ungejua, ningeutuma kwa mume wangu wa zamani."

Wateja waliangua kicheko. Bi Shufaa hakuzoea kuchekwa barazani kwake. Jambo lile lilimkaa kooni.

Sasa, nyuma ya nyumba ya Bi Shufaa, ukuta kwa ukuta na lile pipa, aliishi Maalim Ishaka, aliyefundisha Kurani nusu ya watoto wa Dunda, pamoja na mkewe Dija. Maalim alikuwa na pumu tangu utotoni, lakini mwaka huu ilimkaba kuliko kawaida. Mara mbili alipakiwa kwenye bajaji kukimbizwa hospitali, midomo imebadilika rangi. Na asubuhi moja, kwenye msiba wa jirani, Dija alilalamika, "Kuna harufu hapa mtaani, kali, kama mtu amewasha njiti mia za kibiriti kwa pamoja. Ikipita tu, mume wangu kifua kinambana."

Wanawake waligeuka wakitafuta jibu. Bi Shufaa alikuwa ameacha pipa lake wazi saa moja tu iliyopita. Ulimi wake ulitangulia.

"Ni yule wa samaki. Si kuni tu anazochoma yule. Harufu hiyo ni ya matairi."

Hakuwa amekusudia kumwonea mtu. Alikusudia kuuficha ufundi wake, basi. Ndivyo alivyojiambia akirudi nyumbani. Lakini neno lililotoka kinywani mwa mtu wa heshima halirudi bure. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulishajua kwamba Mwajabu anakaangia samaki matairi, na kuna walioapa kuwa wameyaona. Ikaamuliwa iandikwe barua ili jiko livunjwe. Bi Shufaa aliombwa aiandike yeye, maana mwandiko wake ulikuwa mzuri. Akaiandika.

Mwenyekiti wa mtaa, Abdulazizi, aliisoma mara mbili akakuna ndevu. Alikuwa mtu wa kuogopa lawama. "Subirini," alisema. "Kuna watu wa chuo kutoka Dar wanatafuta sehemu za kupima hewa. Wapime. Chombo hakina shoga wala mkwe."

Aliyekuja ni msichana mwembamba aitwaye Sabiha, mwenye mkoba mgongoni na adabu nyingi. Alitafuta nyumba yenye umeme, yenye dirisha la kuelekea kichochoroni, na yenye mtu anayekaa nyumbani na anayejua kuandika vizuri. Mwenyekiti hakufikiri sana.

Chombo chenyewe kilikuwa kitu kidogo tu. Faneli ilitokeza nje ya dirisha ikitazama chini, mrija ukaingia ndani mpaka kwenye karatasi nyeupe ya duara, ukatoka hapo ukaingia kwenye chupa yenye dawa isiyo na rangi, na mwisho pampu ya kuvuta hewa, inayonguruma polepole kama paka aliyeshiba.

"Bibi, hivi ni vitu viwili," Sabiha alieleza. "Karatasi inakamata moshi, yaani masizi. Ikiwa nyeusi, moshi ulikuwa mwingi. Chupa inakamata kitu usichokiona, hewa ya salfa. Sisi tunaiita salfa dayoksaidi. Dawa ikiinywa hiyo hewa inakuwa kali, chachu. Mimi nikija nitajua imekuwa chachu kiasi gani."

Bi Shufaa alisikia neno salfa. Lilipita sikioni bila kugonga kitu. Kwake salfa ni poda, ni ya mikorosho. Hewa ni hewa.

"Kila siku saa tatu asubuhi unabadilisha karatasi na chupa, unaandika tarehe, saa, na pampu ilivuta kwa muda gani. Bila daftari lako, Bibi, chupa zote hizi ni maji tu. Sisi tunategemea kalamu yako."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo. Bi Shufaa alimaliza darasa la saba enzi ambazo msichana wa pwani kumaliza lilikuwa jambo la kuhadithiwa, na mwalimu alitembeza daftari lake madarasa mengine ili waone mwandiko. Baada ya hapo alisuka mikeka. Sasa amepewa daftari jipya lenye jalada gumu. Alipiga mistari kwa rula. Aliandika kwa mwandiko wa kuunga, herufi zimelala upande mmoja. Majirani wakija aliwaonyesha, kisha anaongeza kwa sauti ya kufika ng'ambo, "Tutaona sasa nani anachoma nini."

"Mpime na kifua changu mkimaliza," Mwajabu alijibu akigeuza samaki. "Ndani mmejaa maneno yenu."

Majuma mawili yalipita, Sabiha akarudi. Alipanga karatasi kumi na nne juu ya meza ya Bi Shufaa. Nyingi zilikuwa za kijivu kilichokolea, kama chini ya sufuria. Mbili tu zilikuwa zimepauka, na zote mbili zilikuwa za Ijumaa.

"Moshi upo, tena mwingi," alisema. "Ijumaa kuna nini?"

"Ijumaa wavuvi wetu hawaendi baharini. Hakuna samaki, hakuna kukaanga."

"Basi inaeleweka." Akaanza kwenye chupa. Alimimina kidogo kwenye bilauri, akadondosha dawa nyingine kutoka kwenye mrija wa kioo, tone baada ya tone, mpaka rangi ilipogeuka. Chupa ya kwanza matone mawili. Ya pili matatu. Bi Shufaa alisogeza kiti karibu; aliupenda mchezo ule. Kisha ikaja chupa moja ikameza matone ishirini na sita ndiyo ikageuka. Sabiha akakunja uso. Akairudia. Ishirini na sita.

Zilikuwa chupa nne za namna hiyo. Aliziweka pembeni, akafungua daftari, akafuata tarehe kwa kidole.

"Jumatatu. Ijumaa. Jumatatu. Ijumaa," alisoma. "Bibi, hiki kitu kinanishangaza. Moshi wa kuni hauna salfa ya kufika hapa. Na Ijumaa karatasi imepauka, hakuna moshi, lakini chupa ni chachu kupita zote. Siku hizi mbili hapa mtaani kunafanyika nini?"

Bi Shufaa aliutazama mwandiko wake mwenyewe. Jumatatu, kwa herufi zilizolala. Ijumaa, kwa herufi zilizolala. Akahisi joto limeanzia kifuani, limepanda shingoni, limefika masikioni. Ni kama mtu amemfunulia kanga mbele za watu.

"Labda matairi," alisema.

"Ijumaa pia? Umesema Ijumaa hakaangi."

"Hakaangi mbele za watu. Lakini anao wa jana yake. Anakaanga kwa kujificha."

Ulikuwa uongo wa pili, na ulitoka laini kuliko wa kwanza. Sabiha aliandika, ayapeleke majibu kwa Mwenyekiti. Kisha, akifunga mkoba, alieleza kwa namna ya kuongea tu kwamba hewa ile humfunga kifua mtu mwenye pumu ndani ya dakika chache, hata akivuta kidogo. Bi Shufaa alimsindikiza mpaka mlangoni. Aliporudi alikwenda nyuma ya choo, akasimama kati ya pipa na ukuta wa Maalim. Alinyoosha mkono. Pipa na ukuta aliweza kuvigusa vyote viwili kwa pamoja. Akakumbuka bajaji ikitoka mara ile ya pili, Dija akilia nyuma yake. Ilikuwa Ijumaa. Watu walikuwa wakianza kujiandaa kwa sala.

Hapo ndipo angesema. Angemwita yule binti kabla hajafika barabarani, yangekwisha. Lakini ndani mlikuwa na mikeka mitatu ya binti wa Kuruthumu, mke wa mfanyabiashara, harusi ya watu mashuhuri, na Kuruthumu alishawatangazia wakwe zake weupe wa kwa Bi Shufaa. Ukindu uliobaki bado ulikuwa na rangi ya uji. Alijiambia, niimalize hii tu.

Basi Jumatatu iliyofuata alipokaribia kufunua pipa, aliingia ndani akazima pampu. Aliiwasha tena adhuhuri harufu ilipokwisha. Akakaa mbele ya daftari na kalamu mkononi, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Halafu akaandika, kwa mwandiko uleule mzuri: *Imevuta siku nzima.* Ijumaa akafanya hivyo tena. Na juma la pili vilevile. Kila alipoandika alilifunga daftari haraka, kama mtu anayefunika chungu kisichoiva. Akaacha kuwaonyesha majirani. Sala zake zikawa fupi. Mwajabu akimwamkia ng'ambo, anaitika akitazama ukili.

Siku ya mkutano ofisi ya mtaa ilijaa hadi nje. Sabiha alisema wazi: karatasi bado ni nyeusi, moshi bado upo, lakini salfa haipo tena, chupa zote ni matone mawili, matatu. "Siwezi kusema kwa nini. Ningependa tupime mwezi mwingine."

Abdulazizi hakuhitaji mwezi mwingine. "Mbona sababu iko wazi? Kabla hatujatoa majibu ya kwanza, salfa ipo. Tumetoa majibu, mtaa umesema, mtu ameogopa ameacha matairi yake, salfa haipo. Chombo kimemtaja."

Watu wakaguna kwa kukubali. Mwajabu alisimama. Hakuwa na kicheko siku hiyo.

"Wallahi sijawahi kuchoma tairi. Hata la baiskeli. Moshi wa kuni naukubali, ni wangu, nitafuteni namna mnisaidie. Lakini tairi, hapana."

"Bi Shufaa, hebu tusomee daftari," alisema Mwenyekiti.

Alisimama. Alisoma tarehe zote, na kila tarehe akasoma *imevuta siku nzima*, na sauti haikutetemeka, maana tangu shule alikuwa msomaji mzuri. Nyuma mtu alinong'ona, "Mashallah, mzee yule anasoma." Alipomaliza, Mwajabu alikuwa amemgeukia yeye, si Mwenyekiti.

"Bi mkubwa, wewe dirisha lako linatazama jiko langu. Umewahi kuona tairi kwangu? Kwa macho yako?"

Bi Shufaa alilifunga daftari.

"Mimi naandika tu," alisema Bi Shufaa, akakaa.

Wakampa Mwajabu siku saba avunje jiko. Hakungoja, moto aliuzima siku ileile.

Siku ya tatu alikuja barazani kwa Bi Shufaa. Alivua kandambili, akaamkia, akakaa chini kwenye ngazi ingawa kiti kilikuwepo.

"Nimekuja kwa shida, Bi mkubwa. Katika zile chupa nne za mwanzo, Ijumaa ya kwanza ilikuwa tarehe ngapi? Maana kuna Ijumaa nilikuwa Chalinze, arobaini ya mama yangu mdogo. Nililala huko siku mbili. Tiketi ya basi ninayo. Kama ndiyo hiyo, mimi sikuwepo hata Bagamoyo. Nionyeshe tu daftari."

Daftari lilikuwa nyuma ya mgongo wa Bi Shufaa, limeegemea mto. Hakuwa na haja ya kulifungua. Ndiyo hiyo. Aliikumbuka Ijumaa ile kwa sababu kichochoro kilikuwa kimya, akajisemea, leo tumepumua.

"Daftari si langu, ni la watu wa chuo," alisema. "Siwezi kulifungua ovyo."

Mwajabu alisimama. "Haya," alisema. Akavaa kandambili zake. "Nilidhani wewe ukinichukia, unanichukia kwa moshi wangu tu."

Bi Shufaa hakulala vizuri. Lakini Jumatatu ilipofika alinyunyiza salfa, ndiyo, alinyunyiza, maana mkeka wa tatu wa Kuruthumu ulipungua ukili pima chache. Mara hii ya mwisho, alijiapiza. Saa nne akavuta gunia kwa mti wake. Upepo ulikuwa umelala, mvuke haukupanda. Ulijimwaga ukutani kama maji.

Haikufika robo saa alimsikia Dija akipiga kelele.

Alikwenda mbio kama alivyokuwa, na kanga ileile ya kuzibia pua. Maalim alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na sauti inayomtoka ilikuwa ya filimbi. Dija alitikisa inhela yake ya pumu, akamwekea mdomoni, dawa nyingine ikamwagika hewani. Jasho lilimtiririka mzee wa watu mpaka ndevuni.

"Kanga yako, shoga, nipe kanga nimfute!"

Bi Shufaa alijivua kanga ya mabegani akampa. Dija akaipeleka usoni mwa mumewe. Palepale Maalim akakohoa kikohozi cha kumkata, akaigeuzia uso, akaisukuma kwa mkono usio na nguvu. Dija akaileta tena, akidhani ni kuhangaika kwa mgonjwa. Akaisukuma tena.

"Itoe," alisema Bi Shufaa. "Dija, itoe! Ni hiyo. Ni hiyo kanga."

Aliinyakua, akaitupa nje ya dirisha. Dija alibaki na mikono mitupu akimtazama jirani yake wa miaka ishirini, na harufu ya kibiriti imejaa chumbani, na kwa Mwajabu moto ulikuwa haujawashwa siku ya sita sasa. Bi Shufaa aliona macho ya yule mama yakienda dirishani, yakirudi kwake. Hakuulizwa kitu. Angeulizwa ingekuwa nafuu.

Dawa ilipokamata na Maalim kuanza kuvuta pumzi ndefu, Bi Shufaa alirudi kwake. Alijaza pipa maji mpaka juu. Alivaa baibui, akachukua daftari, akaenda ofisi ya mtaa. Abdulazizi alikuwa na watu watatu wa mambo ya viwanja. Alimwomba asubiri.

"Nikisubiri nitarudi nyumbani," alisema. "Kamwite Mwajabu. Mpigie na yule binti wa Dar asikie."

Aliisema yote amesimama, simu ya Sabiha ikiwa wazi juu ya meza. Pipa. Salfa ya Miono. Jumatatu na Ijumaa. Alifungua daftari mbele yao, akatafuta tarehe nne, akachora mstari juu ya *imevuta siku nzima*, akaandika pembeni: *Niliizima mimi*. Mwandiko ulikwenda ovyo, herufi moja huku, nyingine kule. Mmoja wa wale watu wa viwanja alicheka puani. "Kumbe mikeka yenyewe inapigwa dawa!" Mwenyekiti hakujua aangalie wapi, barua ya kuvunja jiko aliyoitia mhuri ilikuwa bado mezani.

Sauti ya Sabiha ilitoka simuni, ya taratibu. "Bibi, umenirudishia chupa nne. Nashukuru. Lakini na moshi wa samaki bado upo, msije mkasahau. Jiko linahitaji dohani ndefu na kuni kavu. Tutasaidiana. Na pipa lisiwashwe tena."

"Nimelijaza maji."

Abdulazizi aliichana barua vipande viwili, kisha vinne, akasema jiko libaki na dohani ijengwe. Alitaka mambo yaishie hapo. "Basi, wanawake, mpeane mikono."

Bi Shufaa alinyoosha mkono wake. "Nimekudhulumu, Mwajabu. Niwie radhi."

Mwajabu hakuupokea. Alikuwa ameegemea mlango, mikono amefumbata.

"Hapa tuko watu sita, Bi mkubwa. Maneno ya matairi hukuyasemea hapa. Uliyasemea msibani, yakaenda sokoni, wateja wangu wakakimbia, mwanangu akaitwa mtoto wa tairi shuleni. Radhi yako ipitie njia hiyohiyo. Twende sokoni."

"Mwajabu, mzee wa watu..." Mwenyekiti alianza.

"Niache," alisema Bi Shufaa. "Kasema haki."

Wakaenda kwa miguu, Mwajabu mbele, yeye nyuma. Njiani aliamkiwa shikamoo mara nyingi, na kila alipoitikia alihisi kama anachukua kitu kisicho chake. Alimpita Kuruthumu dukani. Kuruthumu akamwuliza kwa furaha mkeka wa tatu umefikia wapi. "Hautakuwa mweupe," alimjibu, akaendelea kutembea, na nyuma yake akasikia, "Unasemaje?"

Soko la samaki lilikuwa limechangamka. Wakaangaji wamepanga makarai yao safu nzima, mafuta yanachemka, moshi unafumba macho, wachuuzi wananadi. Mwajabu alipiga sufuria kwa mwiko. "Jamani! Jamani nyamazeni, Bi Shufaa ana neno!"

Watu wakanyamaza kwa heshima, ile heshima aliyoijenga miaka yote hiyo. Hiyo ndiyo ilimuumiza. Akasema kwamba Mwajabu hajawahi kuchoma tairi. Harufu ile ilikuwa yake yeye, ya salfa anayofukizia ukindu. Maneno ya matairi aliyatunga yeye. Kwenye daftari aliandika uongo.

Safu ya mbele ilisikia. Mwanamke mmoja akaweka mkono mdomoni. Mwingine akasema, "Astaghfirullah, Bi Shufaa wewe?" Halafu kutoka nyuma kabisa, nyuma ya moshi, mchuuzi mmoja aliyebeba tenga kichwani akapaza sauti:

"Bibi, huku hatujasikia. Hebu rudia."

Bi Shufaa alimgeukia Mwajabu, labda atasema imetosha. Mwajabu alikuwa akiuchunguza mwiko wake.

Basi akajisafisha koo, akasogea hatua mbili ndani ya moshi, akaanza upya tangu mwanzo.